Mkanda wa Bega la Kushoto

Mwanangu,

Pokea salamu za mama yako, ambaye bado yupo na bado anaona, ingawa siku hizi kutunga uzi kwenye sindano lazima nikasimame mlangoni kwenye mwanga. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko mnakotoboa mlima, na kile kikohozi cha vumbi kimepungua. Je, unakunywa maziwa kama nilivyokuagiza, au unaniandikia "ndiyo mama" halafu unaendelea na mambo yako? Nakujua, nilikuzaa. Mimi goti linauma wakati wa baridi, na wakati wa joto linauma vilevile, kwa hiyo nimeacha kulisimulia. Mwanao Chiriku anapumua, anakula, anakwenda kazini. Kama ni mzima moyoni, hilo nitalifikia. Sasa keti chini na usiruke mistari, maana mimi ni mtu wa darasa la nne, naandika polepole, na kila neno hapa limenitoa jasho.

Katika barua yako ya mwisho uliniandikia hivi: mama, tafuta njia umzuie na hilo gari, lakini usigombane naye. Barua hiyo ninayo, iko kwenye droo ya cherehani. Nitayarudia maneno hayo, usidhani nimeyasahau.

Gari lenyewe hujaliona, kwa hiyo nikueleze. Chiriku alilinunua kwa mfamasia wa pale kona kwa bei ya kutupa, na kwa kweli mfamasia alikuwa na haki ya kulitupa. Ni gari la milango miwili, refu mbele, fupi nyuma, kama kiatu. Lilikuwa limelala nyuma ya duka lake miaka minne, na paka alikuwa amezalia kwenye kiti cha nyuma mara mbili. Siku lilipoingia uani kwetu likivutwa kwa kamba, nilimuuliza Chiriku kama amenunua gari au amenunua paka. (Bado tunamwita Chiriku, ingawa ana miaka ishirini na minne na anatengeneza majokofu ya hospitali nzima. Mdomo wake haujapungua tangu alipokuwa mtoto.) Akacheka, akasema, Bibi, wewe ngoja tu.

Nilidhani atalirembesha kama watu wenye akili zao: viti vipya, zulia, redio. Kumbe watu huongeza vitu kwenye gari, mwanao anatoa! Alitoa kiti cha nyuma, akatoa zulia, akatoa redio, akabandua kitambaa cha dari. Akapiga magoti mle ndani na tindo, akabomoa ile lami iliyogandishwa sakafuni ili gari lisipige kelele, vipande vipande, jioni baada ya jioni kwa wiki mbili. Kila alichokitoa alikipeleka kwenye mizani ya mwenye duka la nafaka, kisha akaandika uzito wake kwa chaki kwenye ukuta wangu wa uani, ule nilioupaka rangi mwenyewe. Nikamwambia gari si mgonjwa aliyeambiwa na daktari apunguze unene. Akasema gari jepesi linasimama upesi na linakata kona vizuri. Nikamuuliza kwa kejeli kama na usukani atautoa. Kesho yake niko jikoni, anaingia ameushika usukani mkononi kama sinia, anauweka mezani karibu na mkate. Akasema sasa unatoka na kurudi, ndivyo inavyotakiwa, ili dereva apate nafasi ya kuingia. Tangu siku hiyo sikufanya mzaha tena juu ya lile gari, niliogopa atanisikia.

Mtaa mzima ukalipa jina, Sufuria, kwa sababu halikubakiwa na kitu ndani zaidi ya bati, na kila jiwe likiruka chini ya tairi unasikia hadi kwenye meno.

Aliyemsaidia ni yule fundi wa kuchomelea wa nyuma ya soko. Wanamwita Cheche. Nguo zake zote zina matundu ya moto, nazijua, mimi ndiye ninayezitia viraka. Alikuja na mabomba ya chuma, akayapinda, akayachomelea ndani ya gari, juu, pembeni na nyuma ya kiti, mpaka likawa kama tundu la ndege mkali. Nikamuuliza mabomba hayo ni ya nini. Hakunificha. Akasema, Mama, hayo ni ya siku gari likipinduka. Nikarudi ndani nikashona pindo moja mara tatu.

Usidhani ni mashindano. Mimi nilisema mashindano nikafokewa. Yenyewe inaitwa siku ya uwanja. Wanafungua ile njia ya mzunguko iliyo nje ya mji, watu wanapeleka magari yao, wanazunguka kwa makundi, kila mtu na kasi yake, hakuna kikombe wala mshindi. Nikamuuliza, kama hakuna kikombe mnakimbilia nini? Akasema anataka kona ile ile aipite leo vizuri kuliko jana, basi. Nilimwelewa, kwa sababu mwanangu, hivyo ndivyo ninavyojisikia mimi nikishona kola.

Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia na haikutaka kutoka. Kila alichonieleza ili kunituliza kilinimaliza. Alinieleza kwamba mafuta ya breki ya kawaida yanachemka ukikanyaga breki mfululizo kwenye kasi, na yakichemka mguu unazama hadi chini na gari halisimami. Alinieleza hivyo ili nijue kwamba yeye ameweka mafuta mengine yasiyochemka upesi, pamoja na pedi mpya. Mimi nilichosikia ni kwamba gari halisimami. Alinieleza habari za tairi, nikasikia tairi linapasuka. Chakula kikawa kinashuka kama mchanga. Nilimchoma sindano mteja wakati wa kumpima gauni, mimi, ambaye sijawahi kumchoma mtu tangu nilipoolewa.

Na bado nilishiriki, nisijifanye malaika. Kiti cha dereva kilikuwa kimoja tu, cha mtumba, kimechanika. Nikakishonea kitambaa kipya, kigumu, mshono wa mara mbili. Cheche alipokishika akasema mkono huu haujazeeka. Nilifurahi. Siwezi kukudanganya, nilifurahi hadi nikawapikia chai wote wawili.

Baada ya hapo ikaja mikanda. Si kama mikanda ya magari yetu. Ni sita: miwili inashuka mabegani, miwili inatoka kiunoni, miwili inapanda katikati ya miguu, yote inakutana tumboni kwenye kufuli moja. Nyuma ya kiti ile ya mabegani inafungwa kwenye bomba la Cheche. Chiriku aliniwekea mapajani kabla ya kuifunga, akasema, Bibi, wewe ndiye fundi wa mishono nyumba hii, kagua, ukikubali wewe mimi siogopi. Nikavaa miwani, nikapitisha kucha juu ya kila mstari. Wenye kiwanda wanajua kushona, nakubali. Ni mshono wa sanduku wenye msalaba katikati, uzi mnene, hakuna pahali sindano iliporuka. Nikamwambia huu ningeuwekea hata jina langu. Akaniinamia akanikumbatia na mikanda yake yote.

Siku hiyo hiyo akanieleza habari za mkaguzi. Kabla gari halijaruhusiwa kuingia uwanjani, kuna mzee mmoja mkali anayelipekua. Anatikisa tairi, anachungulia breki, anavuta kila mkanda kwa mkono wake, na akiona hata uzi mmoja umetoka, gari linarudi nyumbani, hakuna kubembelezana. Chiriku alisema hivyo kwa kumsifu yule mzee. Mimi nilibaki na yale maneno: gari linarudi nyumbani.

Jumamosi wakaondoka alfajiri. Cheche alilipandisha Sufuria kwenye lori lake, Chiriku akapanda mbele na helmeti mapajani kama mtu aliyebeba keki. Akaniambia nisiogope. Nikamwambia namwogopea nani, aende zake. Nikakaa kwenye cherehani. Nilikuwa mtulivu siku ile, mwanangu, mtulivu kuliko wiki nzima. Nilikuwa nimeshapanga kwamba saa nne watakuwa wamesharudi.

Saa mbili na kitu nikainuka kupangusa meza. Chini ya kikombe chake kulikuwa na karatasi. Mimi karatasi za mwanao sizisomi, zote zina michoro, lakini hii ilikuwa na mhuri. Nikavaa miwani. Iliandikwa kwamba gari limekaguliwa na limepita, na tarehe yake ilikuwa ya Alhamisi. Mkaguzi hakungoja Jumamosi. Alizunguka kwenye karakana zote Alhamisi, akamaliza kazi yake kwa Cheche, na Ijumaa asubuhi gari lilikuwa limesharudi uani kwetu likiwa na alama ya kijani kwenye kioo. Ile alama niliiona. Nilidhani ni pambo.

Nikatupa kitambaa cha meza pale pale. Sababu utaipata, nimeshakuambia usiruke mistari. Nikapiga simu ya Chiriku, imezimwa. Nikapiga ya Cheche, inaita tu. Nikatoka nilivyo, na tepu ya kupimia shingoni na kandambili miguuni, nikasimamisha pikipiki ya kwanza niliyoiona. Mimi, niliyeapa sitapanda pikipiki mpaka nife. Dereva akaniuliza, Bibi, polepole? Nikamwambia akienda polepole nitashuka nimsukume.

Pale langoni walitaka kunizuia kwa sababu ya kandambili, eti lazima viatu vya kufunika vidole. Nilimwambia yule mlinzi vidole vyangu si vya kwake, nikapita. Kelele zilikuwa kama mashine mia za kusaga. Nikamwona Cheche ng'ambo ya pili ya njia, mbali, ameziba masikio, hanioni. Na Sufuria halikuwepo mahali pa kuegesha. Lilikuwa njiani. Nikalisikia kabla sijaliona, kwa lile bati lake, likapita mbele yangu kwa kasi ambayo sina neno lake, na ndani nikaona helmeti nyeupe ya mjukuu wangu.

Karibu na ukuta kulikuwa na mwanamke wa bendera, mtu wa makamo, kizibao cha rangi ya chungwa, redio ya mkononi begani. Nikamwambia asimamishe magari. Akaniuliza kuna nini. Nikasema mjukuu wangu yumo. Akanishika mkono kwa upole, akasema, Mama, kila tukifungua uwanja huu kuna mama mmoja anakuja kulia hapa, na wote watoto wao hurudi salama. Nikamwambia mimi silii. Sufuria likapita mara ya pili. Mwishoni mwa ile sehemu iliyonyooka kuna kona inayorudi nyuma, na magari yote yanafika pale yakifunga breki hadi pua inainama. Nikaona jinsi mwili wake unavyotupwa mbele kwenye ile mikanda. Nikamvuta yule mwanamke kizibao. Akaanza kukasirika. Akasema bendera nyekundu si ya woga wa mtu, anatakiwa aseme sababu kwenye redio, na sababu ni kitu kilichoharibika. Akaniuliza, haya Mama, kipi kimeharibika?

Sufuria likapita mara ya tatu.

Sasa nakuandikia nilichomjibu, na nakiandika hivi hivi nilivyokisema. Nilisema: nimemfumulia mkanda. Mkanda wa bega la kushoto, nyuma ya kiti, pale unapokunjwa kwenye bomba. Nimefumua msalaba na mistari mitatu kati ya minne kwa wembe, mimi mwenyewe, Ijumaa mchana, yeye akiwa kazini. Mimi ni bibi yake na ni fundi cherehani.

Ndivyo nilivyofanya, mwanangu. Niliingia ndani ya lile tundu la chuma na goti langu hili, nikafumua mshono niliousifu kwa mdomo wangu, nikaacha nyuzi zikining'inia makusudi ili yule mzee mkali azione na kumrudisha nyumbani. Kumbe mzee alikuwa ameshapita jana yake. Chiriku hakutazama nyuma ya kiti. Atazame nini? Mkaguzi alishavuta, na Bibi alishakagua. Mizunguko mitatu aliizunguka kwenye kasi ile, ameshikwa na mstari mmoja wa uzi.

Yule mwanamke alinitazama mara moja tu, kisha akasema kwenye redio yake na bendera nyekundu ikatoka, hapa na kule na kule. Magari yakapunguza, yakaanza kuingia moja moja. Sufuria lilikuwa la mwisho. Chiriku akatoka akavua helmeti, jasho linamtiririka, na aliponiona akacheka kwa furaha. Alidhani nimekuja kumtazama. Alianza kunisimulia ile kona, mikono inaruka, maneno yanagongana, na mimi nikawa namwangalia tu, nikiwa na tepu shingoni. Mwanamke wa bendera ndiye aliyemwambia Cheche aangalie nyuma ya kiti. Cheche akapitisha mkono, akavuta mara moja. Ukatoka. Nimesikia nguo nyingi zikipasuka maishani mwangu, ile sauti siwezi kuifananisha na nyingine.

Hakuna aliyenipigia kelele. Laiti wangenipigia! Wenye uwanja wakasema Sufuria halizunguki tena siku hiyo. Nikasema nitaushona, nikipewa sindano nene nitaushona sasa hivi, hautaonekana. Hapo Cheche akaniambia kwa heshima, akiangalia chini, kwamba mkanda kama huo ukishafumuka haushonwi tena na mtu yeyote, hata fundi gani, unatupwa. Mwanangu, nimeshona zaidi ya miaka arobaini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa kwamba mkono wangu hautakiwi.

Tulirudi kwenye lori watu watatu kwenye kiti kimoja, mimi katikati, na Sufuria limefungwa nyuma. Chiriku, yule asiyefunga mdomo hata akiwa na homa, hakusema neno hadi nyumbani. Alipofika uani akaniambia jambo moja tu. Alisema, Bibi, ungeniambia "usiende", ningekwenda hata hivyo, lakini ningekwenda na mkanda mzima.



Ule mkanda ameutundika kwenye msumari juu ya cherehani yangu. Hakusema ni kwa nini na mimi sikuuliza. Nauona kila ninapoinua macho. Gari amelitia kufuli. Siku ya tatu nilichukua wembe wangu, ule niliofumulia nguo za watu tangu wewe ukiwa tumboni, nikaufunga kwenye kitambaa nikampa. Sasa nikitaka kufumua pindo, naomba. Anauacha mezani asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni anauchukua. Mimi mwanamke niliyemfukuza mwenye nyumba kwa mdomo tu, leo naomba wembe kwa mjukuu wangu kama mwanafunzi. Ananisalimia, ananipa chakula, ananiuliza habari za goti. Adabu tupu. Ningependa anitukane.

Na wewe usikae huko ukitikisa kichwa. Uliniambia nitafute njia ya kumzuia bila kugombana naye. Nimeitafuta na hii ndiyo niliyoipata. Tulikuwa wawili, wewe kwa kalamu na mimi kwa wembe, na kati yetu hakuna aliyemwambia mtoto uso kwa uso kwamba anaogopa. Lawama yangu nitaibeba mwenyewe, ni kubwa na inanitosha. Yako nakutumia.

Mikanda mipya inakuja wiki ijayo, na siku nyingine ya uwanja ni baada ya wiki tatu, Jumamosi. Atakwenda. Usiniandikie nimzuie, barua kama hiyo nitawashia jiko. Nataka uombe ruhusa uje. Ukifika, usianze hotuba zako. Ingia mle ndani ya Sufuria, pitisha mkono nyuma ya kiti, uvute bega la kushoto, uvute la kulia, uvute kiuno, uvute yote sita, moja moja, kwa nguvu zote ulizojaliwa, mbele yake, aone. Kisha mwambie kwa kinywa chako kwamba imeshika. Mimi macho ninayo na kucha ninazo, lakini nikimwambia mshono ni mzima haniamini tena, na ana haki. Wewe ni mtu wa pili katika dunia hii ambaye angemwamini, na wa kwanza ameshajiharibia.

Wasalimu wote mnaolala nao chumba kimoja, na yule dereva wa lori la saruji anayetuletea barua mwambie suruali yake iko tayari, nimeishona mwenyewe, na asipotaka kuivaa nitamwelewa. Funga kifua ukitoka kwenye mavumbi. Siku nilizobakiza kabla ya Jumamosi hiyo ni ishirini na mbili, nazihesabu kila nikiamka.

Ni mimi mama yako, ambaye bado anaogopa, na safari hii ameandika.